Mawe ya Kanisa, Matuta ya Serikali

Simu ilipigwa Jumanne jioni, Septemba 2023, nikiwa kwenye foleni ya mwendokasi Kimara. "Tumsifu Yesu Kristo," ikasema sauti upande wa pili. Nikajibu "Milele amina" kwa sauti ya chini, maana abiria wa nyuma yangu alishaanza kunisukuma. Alikuwa katibu wa kigango cha kwa bibi yangu mzaa mama, upande wa mawio wa Milima ya Uluguru. Hakuzunguka. Kigango kinatimiza miaka 70, jubilei ni Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na kamati imeona inahitajika historia fupi ya kusomwa kanisani, kurasa mbili hivi. Mimi ndiye mtoto wa kigango niliyesoma historia chuo kikuu.

"Ila dada, iwe nzuri," akamalizia.

Nilikubali haraka kwa sababu basi lilikuwa limefika. Baadaye usiku ndipo nilipogundua kwamba naweza kueleza vizuri chanzo cha Vita vya Kwanza vya Dunia, lakini sijui nani alileta jiwe la kwanza la kanisa nililobatizwa. Niliomba likizo ya wiki tatu, yote niliyokuwa nayo, na mwanzoni mwa Oktoba nikapanda gari la asubuhi la barabara ya Bigwa kwenda Kisaki. Kiroka, Mkuyuni, halafu bodaboda juu mlimani, mimi, begi langu na kilo tano za sukari ya bibi.

Oktoba Uluguru ni mwezi wa kusubiri. Kiangazi kimekwisha kinywani mwa watu lakini si ardhini. Mashamba yamefyekwa, majembe yametiwa mipini mipya, na kila mtu anaangalia upande wa bahari, kunakotoka mawingu. Vuli inatarajiwa. Kwa bahati mbaya neno hilohilo "vuli" ndilo tulilofundishwa darasani kuwa ni msimu wa Ulaya ambao majani hupukutika na baridi kuanza. Nilipokuwa darasa la sita nilichora mti usio na majani nikaandika chini yake VULI, nikapata vema, na dirishani pale shuleni mihogo ilikuwa inachipua.

Nasema hivyo kwa sababu kalenda ya kanisa nayo ilikuja na vuli ya kwao. Oktoba ni mwezi wa Rozari tangu mwaka 1883, Papa Leo XIII alipouweka hivyo, na sikukuu yenyewe ya Rozari ya tarehe 7 inatokana na vita vya majini vya Lepanto, mwaka 1571, mbali kabisa na huku. Novemba ni mwezi wa marehemu, desturi ya watawa wa Cluny huko Ufaransa ya zaidi ya miaka elfu moja iliyopita: kuwakumbuka wafu wakati mashamba yao yanapolala. Kuombea mazao nako kulikuwa na siku zake, maandamano ya tarehe 25 Aprili na ya siku tatu kabla ya Sikukuu ya Kupaa, kwa sababu huo ndio wakati mkulima wa Ulaya anapoogopa mbegu zake changa. Sasa fikiria padri anazunguka na maji ya baraka kuombea mvua mwezi wa Aprili Uluguru, katikati ya masika, mto umejaa, daraja limeondoka. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, marekebisho ya kalenda ya mwaka 1969 yaliwaachia maaskofu wa kila nchi wapange wenyewe siku za kuombea mashamba. Kwetu zilikuwa zimeshahamia vuli kabla hawajapanga, kama bibi anavyosimulia. Watu walileta mbegu kanisani wakati walipokuwa nazo mkononi.

Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, wakiwa na watoto na watu wazima waliokombolewa utumwani. Kutoka pale waliingia bara: Mhonda mwaka 1877, Morogoro mapema miaka ya 1880, Matombo mwaka 1897. Wa kwanza wengi walikuwa Wafaransa. Kuanzia miaka ya 1930 Waholanzi ndio walioshika kazi. Mholanzi mwingine, Peter Pels, mwanaanthropolojia, aliandika kitabu mwaka 1999 juu ya kukutana kwa wamisionari hao na Waluguru. Nilikisoma chuoni kwa ajili ya mtihani. Nilipokifungua tena kwa ajili ya bibi kilikuwa kitabu kingine. Nilichoondoka nacho safari hii ni jambo dogo: kwamba kanisa la milimani halikujengwa na padri anayepita mara chache, bali na walimu wa dini waliobaki kijijini, na watu waliolichukua kila jambo wakaliweka mahali pa jambo walilokuwa nalo tayari.

Na jambo walilokuwa nalo tayari kila vuli ni mvua. Mvua ilikuwa na mwenyewe, Kingalu wa Kinole. Leo jina lake liko kwenye Soko Kuu la Chifu Kingalu pale Morogoro mjini, na vijana wengi hupanga miadi pale bila kufikiri kwamba wanataja mtu ambaye watu wa milimani walimpelekea zawadi ili mawingu yashuke. Bibi alinieleza kwamba mjomba wa mama yake, mkubwa wa ukoo wao, alikuwa na jina la ubatizo na rozari ya mbegu nyeusi shingoni, na kila mwaka kabla ya vuli alitoweka siku mbili. Kila mtu alijua amekwenda Kinole. Mwalimu wa dini naye alijua. Jumapili inayofuata mzee huyo alikaa benchi la nyuma, na mvua iliponyesha wote wawili, mzee na mwalimu, walikuwa na hakika ni kazi yao.

"Na wewe uliamini ni ya nani?" nikamuuliza.

"Mimi nilikuwa napanda, mke mwenzangu. Nani ana nafasi ya kuuliza mvua imetoka wapi?"

Ndivyo anavyoniita, kwa utani wa bibi na mjukuu, ingawa babu alishafariki na hajaniachia mahari yoyote.

Rozari ya Oktoba hapa kwetu inatembea. Jumuiya ya bibi ina kaya kama kumi na nne. Kila jioni saa kumi na moja sanamu ya Bikira Maria inatolewa nyumba ilikolala, inafungwa kanga safi kama mtoto mchanga, inabebwa kwa nyimbo hadi nyumba nyingine. Ni ya plasta, mkono mmoja ulivunjika zamani ukagandishwa na gundi ya viatu. Nyumba isiyo na viti inaazima mabenchi. Nyumba isiyo na taa inawashiwa tochi ya simu. Wanasali makumi matano, halafu kila mtu anataja nia yake: mtoto anayefanya mtihani, mbuzi aliyepotea, kijana aliye Dar na hapigi simu (hapo bibi alinitazama), mvua. Mwaka ule ombi la mvua lilikuwa na kigugumizi. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilishatangaza El Niño, redio zilikuwa zinasema mvua kubwa kuliko kawaida, na watu wanaolima kwenye mteremko ambao mbuzi mwenyewe hufikiri mara mbili kabla ya kuushuka hawakujua waombe nini. Mama mmoja aliomba, "Mvua, Bwana, lakini kwa kiasi chake." Wakaitika wote.

Baada ya sala kuna matangazo, na kwa maoni yangu matangazo ndiyo moyo wa jumuiya. Nani anaumwa na zamu ya nani kumchotea maji. Nani hajatoa mchango wa msiba. Jumamosi ya tarehe 14, Siku ya Nyerere, kila kaya itoe mtu mmoja na jembe, tukachimbe makingamaji juu ya kanisa na kwenye mashamba ya wajane wawili kabla mvua haijaja.

Bibi aliyekuwa amekaa mkekani akacheka peke yake. Nilipomuuliza njiani, akasema, "Matuta. Sasa wanayachimba kwa Salamu Maria."

Hapo ndipo historia yangu ya kurasa mbili ilipoanza kuharibika.

Mwaka 1950 serikali ya Mwingereza ilianzisha Mpango wa Matumizi ya Ardhi Uluguru. Hofu yake haikuwa ya uongo: mito ya Uluguru inalisha Ruvu, Ruvu inainywesha Dar es Salaam, na mteremko uliolimwa bila kinga unaondoka na maji. Dawa iliyoandikwa ilikuwa matuta ya ngazi. Watu walitakiwa wakate mlima vipande vipande kama vidato, kwa jembe la mkono, kwa amri, na anayekataa anapelekwa barazani na kutozwa faini. Kuchoma moto mashamba, ambako ndiko kulikokuwa kuandaa shamba mwisho wa kiangazi, kukapigwa marufuku. Sultani wa Waluguru, Sabu bin Sabu, na wasaidizi wake wakawa ndio wa kusukuma kazi hiyo, na heshima yao ikaishia hukohuko kwenye matuta.

Udongo wenyewe ulisaliti mpango. Ukikata ngazi kwenye mlima wenye tabaka jembamba la rutuba, unaifukia rutuba na kuifunua ardhi nyekundu isiyozaa. Upande wa Mgeta, ambako watu walikuwa wanalima mboga na walishakuwa na vidato vyao vidogo vya asili, mambo hayakuwa mabaya sana. Upande wetu wa mawio watu walichimba, wakapanda, wakavuna kidogo kuliko jirani ambaye hajachimba. Na Julai 1955 Matombo ililipuka. Umati ulikusanyika, mawe yakarushwa, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Matuta ya lazima yaliishia hapo. Roland Young na Henry Fosbrooke walioandika kisa hicho mwaka 1960 wanakieleza kama somo la siasa, na ni kweli ni somo la siasa. TANU ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, na mmoja wa waasisi wake 17 alikuwa Mluguru, Patrick Kunambi. Lakini mimi nilikuwa nimekaa jikoni na mtu aliyekuwa na miaka ishirini na moja au ishirini na mbili siku hiyo, na alikuwa anapepeta mchele.

"Wewe ulichimba?"

"Nilichimba. Nikaacha."

Hakuwepo Matombo. Habari zilifika na watu waliokuwa wanarudi usiku kwa miguu, wakipita nje ya njia kubwa. Hakutaka kutaja majina yao, miaka 68 baadaye, na mimi sikulazimisha.

Halafu nikauliza swali ambalo nilidhani ni la akili sana. Kanisa la kigango lilijengwa mwaka 1953, katikati ya miaka hiyohiyo ya matuta. Ni la mawe. Mawe yametoka mtoni, chini kabisa, mwendo wa karibu saa nzima kupanda ukiwa na mzigo kichwani. Sasa watu walewale walioyakataa matuta ya serikali, ilikuwaje wakabeba mawe ya kanisa kwa furaha?

Bibi akaacha kupepeta. "Nani kakwambia kwa furaha?"

Kulikuwa na daftari. Mwalimu wa dini alikaa chini ya mwembe kila Jumapili baada ya sala na daftari la mawe. Kila mtu aliyekuwa kwenye mafundisho, wa ubatizo au wa ndoa, alikuwa na mstari wake, na kila jiwe lilitiwa alama. Ukikosa mawe, unaambiwa usubiri mwaka ujao. Bibi alikuwa anataka kufunga ndoa. Alibeba kiangazi chote cha mwaka 1952, akabeba tena mwaka 1953, akafungishwa ndoa kabla ya vuli kwenye kanisa ambalo halikuwa na paa. Babu alibeba ya kwake na nusu ya yake, jambo ambalo alilikumbusha kila walipogombana kwa miaka arobaini.

Nikawa na kalamu mkononi, sina la kuandika. Nilikuwa nimeshapanga aya nzuri: huku serikali na amri yake, huku kanisa na hiari yake. Sasa huku na huku kuna daftari.

Nilimrudia siku mbili baadaye kwa upande mwingine. Kama yote yalikuwa kazi ya bure, kwa nini haya yalirushiwa mawe na yale yakabebewa mawe? Jibu lake la kwanza lilikuwa la mzaha: kanisani aliingia, tena na viatu vya kuazima, na kwenye tuta angeingia wapi? Jibu la pili lilikuja usiku, bila mimi kuuliza, na lilihusu ardhi.

Kwa Waluguru ardhi ni ya ukoo, lukolo, na ukoo unafuata mama. Shamba alilolima bibi lilikuwa la mama yake na la mama wa mama yake. Mgeni aliweza kupewa sehemu alime, akatoa kitu kidogo kila mwaka kumtambua mwenyewe, na wote wakajua ardhi ni ya nani. Lakini mgeni huyo hawezi kupanda mnazi au mwembe, kwa sababu mti unakaa, na kinachokaa kinadai. Sasa inakuja amri kwamba kila mlimaji, mwenyewe na mgeni, akate mlima uwe na umbo jipya litakalokaa miaka na miaka. Aliyekata ngazi ile ataondokaje kesho akiambiwa? Na serikali iliyoagiza ikatwe, je, haitasema siku moja kwamba ni yake? "Jiwe la kanisa lilitoka mtoni," alisema. "Mto hauna ukoo. Na pale lilipowekwa, mjomba wetu alisema mwenyewe, wekeni hapa. Aliulizwa."

Nililala nikilifikiria lile neno moja, aliulizwa. Nina mashaka nalo pia, nikiri. Bibi ameingia kanisa hilo kwa miaka sabini, amezika mume kutoka humo na kubatiza watoto saba. Kumbukumbu ya mzigo hulainika ukishakalia ulichobeba. Aliyebeba mawe mwaka 1953 na hakufungishwa ndoa, kwa sababu yoyote ile, angenipa hadithi nyingine. Huyo sikumpata. Waliobaki kijijini ndio waliobaki kanisani.

Matuta nayo yalirudi, na hii ndiyo sehemu ambayo wenzangu wa Dar huwa hawaiamini. Februari 1970, miaka kumi na mitano baada ya Matombo, mvua ya saa chache ilishuka Mgeta na milima ikaporomoka mahali zaidi ya elfu moja. Watafiti Paul Temple na Anders Rapp walipohesabu walikuta maporomoko karibu yote yako mashambani na kwenye majani, msituni machache sana. Ile hofu ya mwaka 1950 ilikuwa ya haki kumbe. Amri na dawa yake ndivyo vilivyokuwa na kasoro. Kisha kuanzia 2006 mashirika ya CARE na WWF yakaenda Kibungo Juu, hukuhuku Uluguru, na mpango ambao wakulima wanaohifadhi udongo wanalipwa na wanaotumia maji huko chini. Walipaji walikuwa DAWASCO na kampuni ya Coca-Cola Kwanza. Wakulima walichimba matuta ya ngazi, wakapewa mbolea na mafunzo, wakalipwa. Bibi alipolisikia hilo kwa mara ya kwanza aliuliza kama na wale wa mwaka 1955 watalipwa malimbikizo.

Jumamosi ya tarehe 14 nilikwenda na jembe la bibi. Walikuja watu thelathini na kitu kutoka jumuiya tatu, na Waislamu wanne, kwa sababu maji yanayoshuka juu ya kanisa yanapita kwa Mzee mmoja wao kabla ya kufika barabarani. Katekista alisali sala fupi ya kumwombea Mwalimu Nyerere, kisha akamwachia kazi kijana wa kilimo aliyekuja na kipimo chake cha mbao chenye herufi A na kamba yenye jiwe. Hatukukata ngazi. Tulichimba mifereji inayofuata kontua, udongo ukitupwa juu, na kina mama wakaja nyuma yetu kupanda mabingobingo. Ilipofika saa nne viganja vyangu vilikuwa vimetoka malengelenge, na mama mmoja akaninyang'anya jembe kwa heshima na kunipa ndoo ya maji ya kunywa niwagawie watu.

Oktoba 1970 Nyerere alisimama mbele ya masista wa Maryknoll huko New York, shirika ambalo Morogoro inalikumbuka kwa Marian College, leo Kilakala. Aliwaambia, kwa ufupi, kwamba kanisa lisiloingia katika mapambano ya watu dhidi ya hali zinazowafanya maskini litabaki bila maana kwao. Mwaka mmoja nyuma sheria ya elimu ya 1969 ilikuwa imezichukua shule za misheni kuwa za serikali, kwa hiyo alikuwa anazungumza na watu waliokuwa wametoka kupokonywa kitu. Miaka michache baadaye maaskofu wa Afrika Mashariki wakaamua kwamba parokia zigawanywe katika jumuiya ndogondogo, kaya chache zinazojuana. Ukiwa Dar es Salaam jumuiya inaweza kuonekana kama kikao kingine cha michango, na mimi ni mtoro mzoefu. Kule juu, nikiwa na ndoo, nilihesabu: watu wote waliokuwa wanachimba shamba la mjane wa kwanza, sanamu ilishalala nyumbani kwao au ilikuwa inakwenda kulala wiki hiyo. Hakuna aliyeandika majina. Katibu alikuwa na daftari mfukoni, niliangalia. Lilikuwa la michango ya jubilei.

Rasimu yangu niliipeleka kwenye kamati jioni ya tarehe 20. Walikaa saba kwenye chumba cha katekista. Mwenyekiti aliisoma kimya, akavua miwani. Imekaa vizuri, akasema, ila hii aya ya daftari la mawe itoke. Paroko atakuwepo, wageni kutoka vigango vingine watakuwepo, siku ya shukrani haisomwi malalamiko. Kijana wa kwaya akasema hata hii ya mzee wa Kinole iangaliwe. Mwingine akauliza kama ya matuta inahusiana nini na kanisa. Nilijitetea, nadhani vibaya. Nilitumia neno "vyanzo" mara nyingi. Tuliahirisha.

Nilimwambia bibi kwamba wanataka kuyatoa mawe.

"Sawa," akasema. "Wakiyatoa kwenye karatasi, ya kwangu wayatoe na ukutani, wanirudishie."

Katibu alicheka sana nilipompelekea ujumbe huo. Sijui alisemaje kwa mwenyekiti. Jumatano nikaambiwa isomwe yote, isipokuwa ya Kinole, ambayo nilikubali kuifupisha iwe sentensi moja: kwamba wazee waliombea mvua kwa njia zote walizozijua.

Tarehe 29 kanisa lilijaa hadi nje. Mvua ilikuwa imeanza siku tatu nyuma, nzito, na asubuhi ile ilipumzika. Makingamaji yalishika, isipokuwa mahali pamoja tulipochimba mwisho tukiwa tumechoka. Kina mama walipanga vibakuli vya mahindi na maharage ya mbegu chini ya altare, padri akavinyunyizia maji ya baraka, na kila mmoja akarudi na kibakuli chake akiwa amekifunika kwa kiganja. Matoleo yalikuwa mikungu ya ndizi, jogoo wawili, mfuko wa iliki, pilipili manga, na mbuzi mmoja aliyekataa kuingia.

Baada ya komunyo na matangazo, katekista akasoma. Ana sauti ya kusomea, polepole, kila nukta anaiheshimu. Bagamoyo ikapita, Matombo 1897 ikapita. Alipofika kwenye daftari la mawe kanisa lilitulia, na mimi nikaangalia sakafu. Akasoma kwamba kila aliyetaka kufunga ndoa alitakiwa kuleta mawe matatu kwa wiki.

"Mawili!" ikasema sauti kutoka benchi la kina mama, mbele kushoto. Haikuwa ya bibi. Ilikuwa ya bibi mwingine, mdogo wa mwili, aliyevaa kitambaa cha WAWATA. "Mawili, na kikapu cha mchanga."

"Matatu," akasema bibi yangu bila kugeuka.

"Nyinyi wa upande wa juu ndio mlibeba matatu, mlikuwa wachache."

Mzee mmoja wa upande wa wanaume akasema mchanga ulianza mwaka wa pili. Mwingine akakataa. Padri, ambaye nadhani hakuwa amezaliwa hata mwaka 1980, aliangalia benchi hili na benchi lile kama mtu anayefuatilia mpira. Katekista alisubiri wamalize, akachukua kalamu mfukoni, akaandika kitu pembeni mwa karatasi yangu, na kuendelea na mwaka 1955.

Nje, mnada wa matoleo ulikuwa umeshaanza. Jogoo wa kwanza alikwenda kwa elfu kumi na nane.